Wimbo wa Jogoo Mazishini

Filamu nyingi nilizotazama nimezisahau, ila nyimbo zake ninazo zote. Niulize kwa nini yule msichana alipanda treni akamwacha mpenzi wake, nitakuangalia tu. Niulize wimbo uliokuwa ukilia treni ilipoondoka, nitakuimbia mpaka na gitaa lake, kwa mdomo.

Ugonjwa huu niliupatia Kayole, kwenye banda la video la mabati ambako kaka yangu alinipeleka Jumapili baada ya kanisa. Wengine walifuata ngumi na mateke. Mimi nilikuwa nangoja pale jamaa mzuri amepigwa, amelala chini, pua inatoka damu, halafu ngoma inaanza, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Banda zima lilitulia. Kichina hatukujua, Kihindi hatukujua, lakini wimbo tulijua, na wimbo ulikuwa umeshatuambia: huyu anaamka.

Nikawa natembea na muziki wangu kichwani. Shule niliachia darasa la nane, nikawa najifunza ususi, kwa hivyo nafasi ya kuota ilikuwepo, maana vidole vikishazoea kazi kichwa kinabaki huru. Watu wengine walienda mferejini kuteka maji. Mimi niliingia mferejini, na nyuma yangu kulikuwa na tarumbeta.

Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, baba akiwa fundi wa mabehewa. Katika mstari wetu televisheni ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya karani mmoja, mtu wa Ukambani, mwenye viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope. Antena yake ilikuwa bomba la maji lililosimamishwa uani, na juu yake vifuniko viwili vya sufuria vimefungwa kwa waya. Bomba hilo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila yeye. Hata mkewe hakuruhusiwa.

Jioni moja kila wiki, kabla ya taarifa ya habari, kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, na siku hiyo nyumba ya Karani ilijaa mpaka mlangoni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kawaida, lakini nyimbo, wacha kabisa. Tajiri akiingia baa, rumba. Mke wake akimfuata hukohuko, rumba ileile, ila sasa ya polepole. Wazee walikuwa wanatingisha kichwa kabla hata huyo mke hajafungua mdomo.

Sasa, mama yangu.

Mama aliuza mboga karibu na geti, kunde na mrenda na saga, na alipokuwa akichambua majani aliimba. Wimbo ulikuwa mmoja, wa kwetu Magharibi. Kabla hajaolewa alikuja Nairobi kukaa kwa mjomba wake mpiga gitaa, na mjomba akampeleka studio moja ya River Road yeye na msichana mwingine kuitikia kwenye santuri. Santuri ikatoka. Kwenye karatasi ya katikati kuliandikwa jina la mjomba, na chini yake maneno mawili: na wenzake.

"Mimi ndiye wenzake," mama alikuwa akisema.

"Ati wewe peke yako ndiye wenzake?" watu waliuliza.

"Tulikuwa wawili. Huyo mwingine siku hiyo alikuwa na mafua, akawa anafungua mdomo tu."

Watu walicheka mpaka wakakalia ndoo. Ushahidi hakuwa nao. Mjomba alishafariki, na santuri aliyokuwa nayo mama aliituma nyumbani kwa nyanya, na nyanya, Mungu amlaze pema, aliona ni kifuniko kizuri cha mtungi. Akaanika mtungi juani na kifuniko chake. Santuri ikajikunja kama chapati.

Wakamwita Mama Santuri. Karani ndiye aliyeanza. Kila asubuhi mama akipita na mtungi wa plastiki, Karani alikuwa mlangoni akipiga viatu rangi.

"Mama Santuri. Leo ni upande wa kwanza au wa pili?"

"Leo sindano imevunjika, jirani," mama alijibu, na wote wawili walicheka.

Lakini mimi niliona kitu. Mama alikuwa akitoka kwetu anaimba, akikaribia mlango wa Karani ananyamaza, na akishafika mferejini anaanza tena. Ule mlango mmoja tu. Siku moja tukichambua kunde aliniambia, bila kuinua macho, "Nitakufa, na wajukuu wangu wataambiwa nyanya yenu alikuwa anapenda hadithi."

"Mimi nakuamini, mama."

"Wewe," akasema, akanipangusa shavu kwa mkono wenye majani, "unaamini hata utaenda Bombay kuimba kwenye filamu."

Ilikuwa kweli. Imani yangu ilikuwa nyingi mno, kwa hivyo haikuwa na thamani. Alichotaka ni mtu mmoja mgumu amwamini.

Basi wiki hiyo kwenye mchezo, yule mzee aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu akafa. Tulikuwa tumejipanga kama kawaida: watoto sakafuni, akina mama kwenye benchi, Karani kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe vya kushona, na mama kwenye kigoda karibu na mlango, sinia la kunde magotini. Jeneza likatolewa kwenye gari. Wajane wakaangua kilio. Na chini ya kilio, gitaa likaanza.

Mikono ya mama ikasimama ndani ya majani.

Halafu sauti ya msichana, nyembamba, imepanda juu: "Kalukha, kalukha, mwana wefwe." Rudi, rudi, mtoto wetu.

Lazima nieleze, maana hapa ndipo watu wa televisheni walipojikwaa. Huo wimbo ni wa polepole na una huzuni, na mtu asiyejua lugha akiuliza maana ya neno moja ataambiwa "rudi". Akisikia hivyo ataona umeandikwa kwa ajili ya maiti. Nadhani ndivyo walivyofanya. Wangeuliza neno la pili wangejua, maana huyo anayeitwa arudi ni jogoo. Amewatoroka wenyeji siku ya kuja wakwe, na maji yako mekoni. Jina lake linatajwa kwenye ubeti wa tatu tu. Mpaka hapo anabembelezwa kama binadamu, ili asishtuke.

Kwa hivyo nyumba iligawanyika. Watu wa Ukambani na wengineo walikuwa wakifuta machozi, Karani akiwa wa kwanza, kitambaa mkononi. Sisi wa Magharibi tulianza kutetemeka mabega. Jeneza linashushwa, na jogoo anaitwa sufuriani.

"Mnacheka maiti?" Karani akageuka. "Nyinyi watu mmelelewa wapi?"

Mama hakucheka. Alisema taratibu, "Hiyo ni sauti yangu."

Karani akapumua kama mtu anayechoshwa na mtoto.

"Mama Santuri, tafadhali. Wacha kwanza mzee wa watu azikwe."

Hapo nyumba yote ikacheka, watu wa Magharibi na wa Mashariki pamoja. Mama akaangalia kunde zake. Mimi nilitaka sakafu ya Karani ipasuke inimeze.

Haikupasuka, ila picha iliruka, ikajikunja, na kioo chote kikawa mchele, ndivyo tulivyoziita zile chembe nyeupe zinazochemka. Sauti nayo ikakatika, katikati ya neno. Karani akasimama, akatoka uani kwenda kwenye bomba lake, na mimi kama kawaida nikatoka nisimame dirishani, niwe napeleka habari.

"Imekuja?" akaniuliza, akilizungusha bomba kuelekea mjini.

"Bado."

"Sasa?"

"Mchele tu."

"Na upande huu wa mtaa wa Tena?"

Kabla sijajibu, wimbo ukarudi. Ulirudi palepale ulipokatikia, kwenye nusu ya neno, sauti ileile nyembamba imepanda juu vilevile. Karani akaganda.

"Hapo hapo," akasema. "Mtu yeyote asiguse kitu. Picha?"

Nikachungulia dirishani. Kwenye kioo ulikuwa mchele mtupu. Katikati ya nyumba alikuwa amesimama mama, sinia liko chini, macho ameyafumba, anaimba.

"Picha?" Karani akauliza tena.

"Picha bado," nikasema. Sikudanganya.

"Haidhuru. Sauti ni safi kabisa. Afadhali hata kuliko mwanzo." Alikuwa amelikumbatia lile bomba kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama mtu aliye makaburini hasa. Ubeti wa pili ukaingia. Akanikonyeza nisogee. "Unamsikia huyo mwanamke? Huyo sasa ndiye anaitwa mwimbaji. Mwambie mama yako asikize, ajue tofauti. Siyo hizi kelele za mferejini."

"Namsikia," nikasema. Katika filamu zote za Kayole sijawahi kuona wimbo umewekwa mahali pazuri namna hiyo, na safari hii mwenye kuangalia nilikuwa peke yangu.

Ukaja ubeti wa tatu. Jogoo akatajwa. Nyumba ikalipuka kwa kicheko, na kicheko hicho hakikumkata mama, kilimbeba.

"Kwani huko ndani wanachekea nini?" Karani akauliza.

"Njoo uone, baba."

"Siwezi. Nikiachilia itapotea."

"Haitapotea."

Aliniangalia. Akaachilia kidole kimoja, akasikiliza. Wimbo ukaendelea. Akaachilia kingine. Akaachilia mkono mzima, akarudi hatua moja nyuma, amenyoosha vidole hewani kama mtu anayemwacha mtoto asimame mwenyewe, na wimbo ukawa bado upo. Ndipo uso wake ulipobadilika. Akaenda mlangoni, na mimi nyuma yake.

Mama alifumbua macho akamwona. Hakuacha. Mtu hawezi kuacha mstari wa mwisho kwa sababu mwenye nyumba ameingia. Aliumaliza, akaushusha vizuri, kisha akainama kuokota sinia lake.

Karani aliangalia televisheni iliyojaa mchele. Akamwangalia mama. Akaiangalia tena televisheni.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Si nilikwambia, jirani. Wenzake."

Karani hakuomba msamaha, watu wa mstari wetu hatukuwa tukiombana msamaha mbele ya wengine. Aliliendea kochi lake, akakung'uta kile kitambaa cheupe, akakinyoosha. "Kaa hapa," akamwambia mama. Na mama, ambaye tangu televisheni ije hajawahi kupita kigoda cha mlangoni, akapita katikati ya watu na kunde zake, akakaa.

"Lakini niambie," Karani akasema, sauti imekuwa ya chini. "Huyo mtoto wanayemwita arudi. Alirudi?"

"Mtoto gani?"

"Huyo wa wimbo."

"Ni jogoo, jirani."

"Jogoo?"

"Wakwe wamefika, maji yamechemka, yeye yuko juu ya paa. Anaombwa arudi."

Karani alikitazama kitambaa alichofutia machozi, kilikuwa bado kimelowa. "Mimi nimelilia kuku," akasema, na akakaa sakafuni na watoto, viatu vyake na vyote, akacheka mpaka mkewe akamletea maji.

Ni wakati huo, hakuna aliyegusa bomba, picha ikarudi yenyewe. Mazishi yalikuwa yameisha na mchezo umeisha, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Mama hakuwa msomaji wa haraka, kwa hivyo Karani akawa anamsomea, jina baada ya jina, kama anaita watu mshahara. Majina yakaisha. Yakabaki maneno matatu peke yake chini kabisa, na Karani akajiinua kwa magoti, akayawekea kidole kwenye kioo.

"Na wengine wengi," akasoma. "Mama, wamekuandika hapa."

Watu walipiga makofi hata taarifa ya habari haikusikika. Mama alijaribu kujificha nyuma ya sinia, ikashindikana, sinia lilikuwa dogo na uso wake ulikuwa umejaa tabasamu.

"Safari hii wametuongeza," akasema. "Tumekuwa wengi."

Asubuhi yake niliamka mapema makusudi, nikamfuata mama mferejini kwa mbali kidogo. Alitoka kwetu akiimba. Akaukaribia mlango wa Karani, na mimi nikapunguza mwendo. Hakunyamaza. Alipita pale na wimbo wake umepanda juu, mtungi mkononi, na Karani akaacha brashi ya viatu hewani mpaka ubeti ukaisha.

"Mama Santuri," akasema. Jina lilikuwa lilelile, ila mdomoni mwake lilikuwa limekaa vingine. "Upande wa pili kulikuwa na wimbo gani?"

Miaka yote aliyomtania kuhusu huo upande, hakuwahi kungoja jibu. Sasa alikuwa anangoja. Mama akaweka mtungi chini, akapangusa mikono kwenye leso, akakohoa kidogo, na mimi nikasogea karibu, kwa sababu huo wa pili hata sisi watoto wake hatukuwa tumewahi kuusikia.