Majibu Tuliyoyakalia

Mpaka leo siku ile ya vikopo vya mkojo haijanitoka. Tulikuwa kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya Katoro, wanawake wanapoosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza, wakitafuta punje za dhahabu zilizosalia. Zebaki ya kunasia dhahabu huichanganya kwa mikono. Wachache huvaa mifuko ya plastiki. Mtafiti mkuu, bwana msomi kutoka mjini, alitaka kupima ni kiasi gani cha zebaki kimewaingia mwilini. Mimi, binti wa kutoka Nyasubi, niliajiriwa kwa sababu ya Kisukuma changu.

Fomu ilisema kila mtu ana haki ya kukataa. Niliisoma vizuri, na mwenyekiti wa kitongoji amekaa pembeni yangu, amekunja mikono kifuani. Ndiye aliyewaita. Nilipofika kwenye kukataa, akakohoa. Nani tena angekataa? Bwana msomi akaninong'oneza, "Umeona, wote wameridhia." Madole gumba yakagonga wino, kisha watu wazima na heshima zao wakapangwa foleni na vikopo mkononi, wanaume wa kwenye makarasha ya kusaga mawe wakiwacheka.

Mmoja alisita, mama mwenye kichanga mgongoni. Akanivuta kando, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, huo mkojo utanisaidia nini mimi?"

Nikamwambia ilivyoandikwa, kwamba ataletewa majibu yake, na kwamba atajua kama maziwa yake ni salama kwa mtoto. Hilo la maziwa niliongeza mwenyewe, halikuwemo kwenye fomu. Nikamalizia kwa methali, mficha uchi hazai. Akacheka, akachukua kikopo.

Majibu yalitoka wakati wa masika. Mimi ndiye niliyekuwa nayaingiza kwenye kompyuta, na namba ya mama yule nilikuwa naijua. Kiwango chake cha zebaki kilikuwa kimepigiwa mstari mwekundu. Nikamuuliza bwana msomi tunawapelekea lini.

"Tukiwapelekea watazua taharuki, wenye mwalo watufungie mlango," alisema. "Subiri kwanza makala itoke."

Alikuwa anakula sambusa. Mafuta yakadondokea karatasi ya majibu, akayafuta kwa kidole na kuendelea kutafuna. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha maradhi ya mwenzake hawakumsemea chochote, labda hawakudhani kama mtu wa namna hiyo atazaliwa. Alinikinaisha. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa karibu kuongezwa, na hapo najichukia kuliko ninavyomchukia yeye.

Nilikwenda mwaloni peke yangu baada ya mavuno ya mpunga, kwa bodaboda, bila kumuaga mtu ofisini. Nikamkuta mama yule ameinamia karai, tope limemfika viwikoni, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

Akafurahi kweli. Akawaita wenzake waje wamwone mtu wa mkojo amerudi. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunishukuru.

"Tulijua tu tuko wazima," alisema. "Pale zahanati yetu ukipima makohozi, anayeitwa tena ndiye mwenye kifua kikuu. Asiyeitwa anaendelea na kazi zake. Nyie mwezi ukapita, wa pili ukapita, kimya. Tukasema Mungu mkubwa. Hata waliokuwa wanavaa mifuko wameacha, inawachelewesha."

Nikatazama mikono yao. Ilikuwa mitupu yote. Nikamwomba tusogee pembeni, na huko nikamwambia kiwango chake, na kwamba hakikuwa kizuri. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Masika."

Akaenda kwenye ndoo ya maji safi akanawa, akanawa tena, akajifuta kwa khanga. Nikaanza kumweleza habari za bwana msomi na makala yake, nikasikia jinsi maneno yangu yanavyonuka, nikaacha. Mtoto akaamka. Mama akamfungua mgongoni, akaketi juu ya kiroba cha mchanga, akampakata. Mtoto akavuta blauzi kutafuta ziwa.

Mama akaishika ile mikono midogo, akanitazama. "Nimpe, au nisimpe?"

Nilikuwa na namba yake, na kiwango chake, na fomu yenye dole gumba lake. Maziwa yake hatukuwahi kuyapima.