Lado, mtoto aliyekuwa anakuja darasani mgongoni mwa dada yake huko Koboko

Wakuu, naomba muda wenu kidogo. Naandika nilichokiona tu, nisichokikumbuka nitakiruka.

Nilikuwa mwaka wa pili Dodoma, nasomea ualimu wa hesabu. Kikundi chetu cha wanafunzi kikapata nafasi ya kwenda kujitolea Uganda, kwenye shule moja ya Dranya, Koboko. Watoto wa pale wengine ni wa wakulima wa hapo hapo, wengine walikimbia vita Sudan Kusini.

Kiswahili kipo, ila ni cha kwao. Kila kitu "iko". Nikiongea cha kwetu watoto wanacheka, wanasema naongea kama redio.

Sasa kulikuwa na binti anaitwa Poni, wa miaka kama kumi. Anakuja darasani amembeba mdogo wake, Lado, mgongoni. Mama yao alifariki kabla hawajavuka mpaka. Bibi yao anashinda kwenye mashamba ya watu, analima vibarua.

Lado akilia, Poni anatoka nje kimya kimya. Hesabu alikuwa anazisikilizia dirishani.

Na hakuwa peke yake, mabinti kadhaa walikuwa hivyo hivyo. Tukakubaliana na mwalimu mkuu tutandike mkeka barazani, mmoja wetu awe anabaki na watoto wadogo.

Mara nyingi nilibaki mimi, maana Lado alinizoea. Wanaume mliowahi kuachiwa mtoto mnajua. Anakushika kidole, hata kuandika huwezi.

Asubuhi moja alikuja anachemka.

"Ticha, Lado iko na moto," Poni akaniambia. "Jana alitapika."

Nilipompokea tu, degedege likaanza.

Tukapanda boda, mimi, Poni na mtoto. Kituo cha afya wakampima: malaria kali, na damu imepungua sana. Wakamchoma sindano, wakaita ambulensi impeleke Arua akaongezwe damu. Bibi alikuwa ametumiwa mtu shambani, lakini tukaondoka hajafika.

Tulichoongea njiani sikumbuki. Nakumbuka nesi alikuwa ameweka mkono kifuani kwa Lado muda wote. Tulipofika Manibe, Arua ikiwa hapo mbele tu, akautoa. Akamwambia dereva apunguze mwendo.

Poni akasema, "Iko nalala."

Nesi akamvuta karibu. "Hapana, mwanangu. Ameenda."

Poni hakulia. Alifungua kitenge chake akamfunika mdogo wake hadi shingoni, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha.

Wakuu, niliyelia ni mimi.

Tuliporudi Dranya bibi alikuwa amekaa chini nje ya nyumba, majirani wamemzunguka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Sikuyahitaji. Aliona kitenge, akaelewa.

Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Huyu dada yake, alikula kitu leo?"

Hakuwa amekula. Hakuna kati yetu aliyekumbuka. Bibi akainuka, akampa Poni muhogo, akakaa naye mpaka akamaliza. Ndipo akaanza kulia.

Lado tulimzika kesho yake.

Wiki iliyofuata Poni akarudi shule, ila darasani hakuingia. Alikaa mkekani, akachukua mtoto wa mwenzake, akajifunga mgongoni. Nikamwambia aingie asome.

"Mugongo iko baridi, Ticha."

Jioni nikaenda kumweleza bibi. Alinisikiliza, nikaondoka nikijua nimemwongezea mzigo tu.

Asubuhi akaja mwenyewe shuleni. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono kwa Poni.

"Leta huyu mtoto. Mimi iko hapa. Wewe ingia."

Poni akamfungua mtoto mgongoni, akampa bibi, akaingia.

Bibi aliendelea kuja kila siku. Wazazi wakaanza kumletea unga na maharage, kwa hiyo vibarua akaviacha. Tulipoondoka yeye ndiye aliyekuwa na watoto wote pale barazani, na Poni alikuwa amekaa dawati la mbele.

Nilichojifunza: homa ya mtoto mdogo msiilaze, wahini hospitali siku ile ile. La pili, mtoto akifika darasani ujue kuna mtu amebaki na kazi aliyokuwa anaifanya nyumbani. Siku hizi nikisikia watu wanachangisha madaftari na mipira, nauliza kwanza wadogo zao wanabaki na nani.

Mliowahi kwenda kujitolea mahali, hasa kwa watoto, nawauliza: mlipopanda gari kurudi kwenu, nani alibaki nao? Andikeni hapa chini. Hata kama jibu linauma, nitalisoma.