Injini Iliyofundishwa Kukohoa

Kisiwani Kadavu, binamu akiomba kitu hanyimwi. Ndiyo maana Peceli Naivalu, alipofunga kabureta mpya kwenye injini ya mashua yake na kuisikia ikiunguruma vizuri, aliingiwa na hofu. Alikuwa amemwahidi mkewe, Sainimere, kwamba Jumamosi angempeleka arusini ng'ambo ya ghuba kwa mashua yao wenyewe. Akaikaza skrubu ya hewa mpaka injini ikakohoa, ikatoa moshi na kuzimika. Akaridhika.

Kesho yake akaja binamu yake, Vilikesa. Akavuta kamba ya kuwashia injini.

"Binamu, hii injini au mbuzi mwenye mafua?"

"Mbovu kabisa. Itakuaibisha baharini."

"Maskini wee! Basi naiomba, nikakutengenezee kwangu."

Peceli akaifungua injini mashuani, akampa. Ombi ni ombi.

Vilikesa alilegeza skrubu ile ile, injini ikapona, naye akaifunga kwenye mashua yake mwenyewe. Jumamosi aliwavusha yeye, akijisifu njia nzima.

"Umeona?" Sainimere alimwambia mumewe, aliyekuwa amepakata mikeka ya zawadi. "Mwenzio ana mkono wa ufundi. Wewe hata kabureta mpya imekushinda."