Mtu Aliyekaa Mbele ya Kompyuta ya Salim

Usiniambie nilisinzia, wala usiniulize nilikuwa nimevuta nini. Ilikuwa Ijumaa, jua la saa nane mchana, hapa hapa Bagamoyo, na mimi ni fundi kompyuta, si mtu wa kuona vivuli. Kila nikikumbuka nakasirika upya.

Dada yangu Mwanaidi alifiwa na mumewe, Salim, akiwa na mimba ya miezi saba. Salim alijua ugonjwa hautampa nafasi ya kumwona mtoto, kwa hiyo akajirekodi kwenye kompyuta yao ya nyumbani: adhana ya kumsomea mtoto sikioni akizaliwa, na baada ya adhana, jina alilomchagulia. Jina lenyewe hakumwambia mtu. Alitaka mtoto awe wa kwanza kulisikia.

Wiki mbili baada ya mazishi, diski ikaanza visa. Faili linaonekana, ukilifungua mashine inaganda. Nikabadilisha waya wa diski, nikabadilisha hadi kifaa cha umeme, wapi! Nikaibeba mpaka kazini kwangu Chalinze. Kule ikapimwa, nzima kabisa, ila folda ya Salim tupu. Nikairudisha Bagamoyo: faili lipo, diski mbovu. Umewahi kuona diski inayougua nyumbani ikapona safarini? Niliwatukana walioitengeneza, nikautukana umeme, nikamtukana hata Salim, Mungu anisamehe. Alikuwa na tabia ya kuligonga kasha la mashine mara mbili kwa kifundo cha kidole, na tuligombana sana kwa hilo. "Shemeji, hiyo si mlango, haipigwi hodi!"

Ijumaa hiyo nikatoka msikitini kwenda kujaribu tena. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Sebuleni nikamkuta mwanamume wa kanzu na kofia, amenipa mgongo, amekaa mbele ya kompyuta. Flashi yangu niliyokuwa nimeiacha mezani imechomekwa, faili linanakiliwa.

Nyumba ya eda! Dada yangu haonani na mwanamume asiye maharimu wake, halafu huyu amekaa kama yuko kwake? Damu ikanichemka. Salamu sikutoa.

"Wewe mshenzi, nani kakuingiza humu?"

Hakugeuka. Aliinua mkono, kama anayeniomba nisubiri kidogo, kisha akaligonga kasha: ko, ko. Hapo ndipo nilipopandwa na mashetani. Nikauchomoa waya wa umeme ukutani.

Kioo kikazima. Akasimama, akaelekea uani taratibu bila kugeuza shingo. Nikamfuata. Mlango wa uani ulikuwa na komeo kwa ndani, na uani hapakuwa na mtu.

Mwanaidi akatoka chumbani, msala mkononi. "Kaka, unamfokea nani?"

"Huyo mwanamume uliyemwingiza!"

"Hajaingia mtu. Nimesikia mashine ikigongwa, nikajua ni wewe." Akanitazama. "Lakini wewe huwa hugongi."

Nikakimbilia kuuchomeka tena ule waya.

Diski ile haikuwaka tena. Kwenye flashi tulikuta adhana yote, nzuri, kisha kikohozi, kisha sauti ya Salim: "Mwanangu, jina lako ni." Basi. Sekunde mbili tatu tu zilibaki, na nilizikata mimi, kwa mkono wangu.

Mtoto alizaliwa wa kike. Adhana ya baba yake tulimwekea sikioni, jina akapewa na bibi yake: Rehema. Juzi, kashakuwa msichana wa kwenda shule, ameniuliza, "Mjomba, baba alitaka niitwe nani?" Nikamdanganya kwamba ni hilohilo. Mama yake alikuwa pale anakuna nazi. Aliinuka na mbuzi yake, akaenda kukunia uani.

Sisi watu wa pwani tunajisifu kwa salamu, na mimi niliingia nyumba ya msiba kwa matusi. Basi nakuonya: ukimkuta mtu kwenu amekupa mgongo, mtolee salamu kwanza, kisha msubiri amalize anachokifanya. Hasira zako hazitakimbia. Zangu ninazo mpaka leo.