Karai na Mafungu Kumi na Matatu

Wazazi walipotutoka niliacha shule nikashika karai. Hapa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, karai ni kazi: unachota mchanga uliosagwa, unauzungusha na maji, kisha unachungulia kama chini kimebaki chochote kinachong'aa. Mara nyingi hakuna.

Shangazi yetu wa Kosele alimtaka kitinda mimba wetu, msichana wa miaka sita. "Nyumba bila mama haiwezi kumlea mtoto katika neno la Mungu," alisema. Tulibishana mpaka tukapatana hivi: Sabato ya kumi na tatu, watoto wanaposimama mbele ya kanisa kusema mafungu yote ya Biblia ya robo mwaka, moja la kila Sabato, bila kitabu, atakuja kusikiliza. Mtoto akiyasema yote, abaki kwangu. Akikwama, waondoke wote wawili.

Mimi husoma polepole na sina muda, kwa hiyo nilimfundisha kazini. Nikisema, anarudia, huku anazungusha kifuniko cha sufuria kama mimi. Fungu moja, karai moja.

Siku ilipofika alisimama na gauni la kuazima, akanyamaza. Mwalimu wa watoto akamnong'oneza neno la kwanza. Halikusaidia. Shangazi, benchi la mbele, akaanza kujifunga leso vizuri kama mtu wa safari.

Ndipo mtoto akainama, akashika hewa kwa mikono miwili, akaizungusha. Fungu likatoka lote, safi kabisa, la uzima wa milele. Akachungulia katikati ya mikono.

"Hakuna kitu! Mwaga!"

Akaingia la pili, la subira. "Hakuna kitu! Mwaga!"

Kufikia la tano, wachimbaji waliokaa nyuma walikuwa wanamwitikia, "Mwaga!" na mzee wa kanisa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. La tisa, linalokataza matusi, alilifuatisha na neno nililomwambia jirani aliyenirushia tope. Sitaliandika.

Nje, shangazi alinikamata kiwiko.

"Nyathina, mwanangu, umemfundisha nini huyu?"

"Mafungu, shangazi."

"Nimeyahesabu kwa vidole. Yametimia." Midomo ilimtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Basi abaki. Lakini wewe, na huo mdomo! Wewe ndiye wa kupelekwa Kosele."

Jua lilipotua aliondoka peke yake. Mkoba aliokuja nao wa kubebea nguo za mtoto, alituachia.