Mafungu ya Mawe ya Mjomba Elwood

Theda hakujaliwa kunyamaza. Miaka nenda miaka rudi aliendesha basi la shule pale Piikani, ardhi ya kabila lake huko Kanada, na hakuna mtoto aliyeshuka bila kusikia habari za nyati: jinsi mababu walivyoliswaga kundi kwenye nyanda za juu, katikati ya mistari ya mafungu ya mawe, mpaka likaporomoka gengeni. "Palepale nyuma ya nyumba yangu!" Watoto wakambandika jina la Mama Nyati, naye akalipenda.

Kiangazi kimoja mambo yakamgeukia. Kampuni moja ilitaka kuchimba kokoto kwenye mteremko huohuo, na sasa ilikuwa siku ya baraza la kabila kupiga kura, jioni. Corrine, binti wa kaka yake, aliyesomea mambo ya kale, alikuwa akichimba chini ya genge kubwa tangu theluji iyeyuke. Hakupata hata jino. Mistari ya mawe ililielekea genge hilo, kisha ikakatika kabla ya kulifikia.

"Shangazi, bila mfupa sina cha kuliambia baraza," alisema mchana mezani kwa Theda, amejikunyata juu ya bakuli la supu ya matunda.

"Labda nyati wenu walikuwa na mabawa," alichekelea Mjomba Elwood, mjumbe wa baraza, ambaye hakukosa chakula cha Theda hata siku moja.

"Kula unyamaze, Mjomba. Kazi yako kukalia hema la mvuke na kuokota mawe mtoni ya kuchoma kwa ajili ya mvuke huo."

"Ya mtoni yanapasuka motoni, hayafai! Ya ujana wangu ndiyo yalikuwa mawe. Nilikuwa nayatoa huko juu, yamekaa mafungu mafungu, mimi napakia tu."

Kijiko cha Theda kikasimama hewani. "Mafungu? Yalikuwa yanaelekea wapi?"

Mzee akabinua midomo kuonyesha. Si kwenye genge kubwa. Kushoto, kwenye kigenge kifupi ambacho watoto huteleza wakati wa theluji.

"Mjomba! Umetuchomea mstari mzima!"

Theda alikuwa ameshakamata sepetu. Alikimbia, yeye na magoti yake mabovu, Corrine akimpita, mzee akihema nyuma na kulalamika kuwa supu yake inapoa. Chini ya kigenge Theda aliweka tumbaku kidogo ardhini, akaomba ruhusa ya mababu kwa maneno ya haraka, kisha wakaanza kuchimba. Udongo. Udongo tena. 

Sepetu ya Corrine ikagonga kitu.

"Shangazi, usiguse! Ngoja... ni mbavu! Na hii nyingine! Na fuvu hili hapa, tazama mzizi wa pembe!"

Mifupa ilikuwa imelaliana, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake ncha za mishale ya mawe, na mawe ya kuchemshia mafuta, meusi kwa moto. Corrine alipiga goti, akatazama juu kwenye ukingo, akapiga ukelele.

"Kumbe si kifupi! Kimejaa mifupa! Tumesimama juu ya nyati, Shangazi, genge lenyewe liko chini yetu!"

Theda akarusha kofia juu, akamkumbatia, wakayumba pamoja kama walevi. Alicheka na kulia kwa mpigo, wala hakujali nani anamwona.

 Mjomba Elwood aliingia shimoni taratibu, akaokota mfupa wa mguu uliopasuliwa kwa ajili ya uboho, akapitisha kidole kwenye alama za kisu cha jiwe. 

"Kura yangu ingekuwa ya ndiyo," alisema hatimaye. "Nilishawaahidi wale wa kokoto."

"Na sasa, Mjomba?"

Mzee aliurudisha mfupa palepale alipoutoa, akaufunika kwa udongo.

"Sasa nipeleke barazani, tena endesha mbio. Mababu walikuwa wanakula hapa. Nani atapitisha lori juu ya chakula cha mama yake?"