Nyuzi Ndani ya Feni

Sauti ilikatika katikati ya mnada.

Mfumaji alikuwa ameketi mahali pake pa kila alasiri, kwenye kochi lililo karibu na mlango wa jikoni, bonge la uzi wa buluu mapajani, akimsikiliza mumewe akiuza kabati. "Hili si kabati, jamani, huu ni ukoo mzima!" ilisema sauti kutoka kwenye spika mbili ndogo. "Mlango haulii, bawaba hazichezi, panya akitaka kuingia humu lazima abishe hodi! Haya, nani ananipa..."

Kisha kimya. Halafu, kutoka ndani ya kompyuta, ukatoka mlio ambao hakuwahi kuusikia: ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani akigonga kwa ukucha.

Sindano ya kufumia ikasimama mkononi. Hakujua mlio ule ulikuwa wa nini, lakini mwili wake ulijua. Ulianza kupoa kutoka miguuni.

Mumewe alikuwa dalali wa mnada. Watu walikuja mnadani bila haja ya kununua chochote, wakasimama juani kumsikiliza tu, na jioni wakajikuta wanabeba meza. Kisha koo likaanza kumsumbua, na madaktari wakasema pale pa sauti patakatwa pote. Kabla ya upasuaji binti yao alileta kompyuta yake ya zamani na kipaza sauti, akamwambia, "Baba, sema. Sema chochote." Dalali akasema. Siku baada ya siku alikaa mbele ya ile mashine akiuza makabati yasiyokuwepo kwa wateja wasioonekana. Alisimulia hadithi kwa mjukuu aliyekuwa bado tumboni. Na rekodi moja, fupi kuliko zote, ilikuwa na yeye tu akimwita mkewe kama alivyozoea kumwita kutoka mlangoni kila aliporudi mnadani: "Weee, Mama Nyuzi! Uko wapi, Mama Nyuzi?"

Kutoka hospitali alirudi na tundu shingoni na kijiko cha chuma mfukoni. Akigonga mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Akigonga mfululizo, njoo. Tundu alilifunika kwa leso iliyokunjwa mara nne, na mkewe hakuwahi kuona kilicho chini yake. Alipokwenda bafuni kujisafisha, mkewe alikumbuka nguo za kuanua. Aliogopa. Alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu tangu usichana wake, na sasa aliogopa sehemu ya mwili wake ndogo kama kifungo cha koti.

Basi kila alasiri Dalali alibeba kiti chake na kwenda kukaa nje, na Mama Nyuzi akaiwasha mashine. Ile sauti ya mlangoni ilipoita, yeye aliitika kwa nguvu kutoka jikoni, "Abee!" kisha akacheka peke yake. Hakuwahi kumuuliza mumewe kwa nini muda huo hutoka nje. Dirisha lilikuwa wazi. Kila neno lilimfikia huko nje.

Ko, ko, ko.

Alisogea. Kompyuta ilisimama kwenye pembe kati ya friji na ukuta, mahali alipopachagua mwenyewe, ambapo vumbi la barabarani lisingeifikia. Na alikuwa ameivisha. Katika nyumba ile kitu kisicho na kitambaa kilionekana kama mtu aliyesahau kuvaa: redio, televisheni, mtungi wa maji, hata kitasa cha mlango wa chumbani. Lakini kitambaa cha kompyuta kilikuwa kazi yake bora kuliko zote, uzi mzito uliofumwa maradufu, kilichokaa sawasawa kwenye pembe zote nne, na tundu moja tu kwa mbele, la kuwashia.

Aliweka kiganja juu yake akakitoa hapo hapo. Ilikuwa moto kama pasi.

Akampigia simu binti yake.

"Mama, izime."

"Nikiizima ikakataa kuwaka?"

"Izime, mama! Mlio gani? Unagonga? Izime sasa hivi, usingoje!" Akaizima. Mlio ukafa. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko mlio. "Si ulinakili zile rekodi za baba?" binti aliuliza. "Kwenye ile flashi niliyokuachia?"

Mama Nyuzi akatazama msumari penye funguo. Flashi ilikuwa pale, ikining'inia ndani ya kifuko kidogo cha manjano alichoifumia. Tangu iletwe haikuwahi kutoka kifukoni.

"Mama?"

"Nipo."

"Hakuna nakala kabisa?"

Binti alivuta pumzi ndefu, kisha akasema kwamba anampigia fundi wa kompyuta wa pale mwisho wa mtaa, na mama asiguse kitu. Asiguse kitu chochote.

Lakini mtu aliyeogopa hawezi kukaa na mikono mitupu. Alikivua kitambaa, akakitupa kochini. Kompyuta ilitoa joto lenye harufu, kama nywele zilizokaribia moto. Homa, alifikiri. Homa hupozwa. Akafungua friji, akatoa chupa ya maji yaliyoganda, akailaza juu ya mashine kama anavyolaza kitambaa chenye maji kwenye paji la uso wa mtoto. Chupa ikaanza kutoka jasho. Matone yakajikusanya, yakateremka ubavuni polepole, yakielekea kwenye vitundu vya hewa, na yeye akayatazama kwa matumaini.

"Mama, toa chupa! Toa!"

Fundi alikuwa ameingia bila hodi. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na begi mgongoni, na alivuka sebule kwa hatua kubwa, akainyakua chupa na kupangusa matone kwa kanga iliyokuwa kwenye mkono wa kochi.

"Maji yakiingia humu, hata mimi sitakuwa na la kufanya. Samahani kwa kelele. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka ipoe."

"Inapoa kwa hewa, mama, si kwa barafu." Macho yake yakaangukia kitambaa kochini, halafu pembe ya friji. "Hii nayo? Ilikuwa imevaa hiki? Ilikuwa na mafua?"

"Vumbi," alisema Mama Nyuzi.

"Umeikaba kwa sweta, halafu ukaiweka nyuma ya friji inayoipulizia joto mchana kutwa. Mimi ningekuwa nimeshakufa zamani." Fundi alicheka, kisha akaona uso wa mwenye nyumba, akaacha. Akaibeba mashine hadi mezani, akafungua ubavu wake kwa bisibisi.

Ndani, mahali pa feni, hapakuonekana feni. Palikuwa na kitu kama kiota. Fundi alikivuta kwa vidole viwili, nacho kikatoka kizima, kizito, kimeshikamana kama blanketi la sufi: buluu, na chini ya buluu machungwa, na chini ya machungwa kijani cha mapazia ya binti, na chini kabisa weupe wa soksi za mjukuu. Kila kitu alichofuma akiwa ameketi pale akisikiliza. Mashine ilikuwa ikivuta manyoya ya uzi wake, kidogo kidogo, alasiri baada ya alasiri, naye akiifunika.

Mama Nyuzi akakaa chini.

"Feni imekabwa, joto limekosa pa kutokea," fundi alisema, sasa kwa upole. "Na diski iko hapa, karibu kabisa. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, na juu yake kuna kitu kama sindano, kinaelea bila kuigusa. Ikipikwa na joto muda mrefu, sindano inapotea. Huo mlio uliousikia, ilikuwa inatafuta njia."

"Itapona?"

"Haiponi, mama. Labda itaongea kidogo kabla haijanyamaza. Kuna nini humo?"

"Mume wangu," alisema.

Fundi alimtazama, akageuza macho kwenye picha za ukutani. Akaichomoa diski. Aliomba vibanio vya nguo vya mbao, akailaza juu yake ili hewa ipite chini, akawasha feni ya mezani iipulize, na akaiacha ipoe kwanza, isiguswe. Baadaye akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe ya kubeba.

"Sasa nisikilize. Sitavuta vyote kwa pamoja. Inaweza kukata muda wowote. Unitajie kile unachoogopa zaidi kukikosa, tuanze nacho."

Mama Nyuzi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi: ile fupi, ya kuniita. Hapo ndipo kijiko kilipogonga fremu ya mlango.

Dalali alikuwa amesimama kizingitini na kiti chake mkononi. Alikuwa amengoja nje sauti yake iendelee kuuza kabati, na haikuendelea. Aliitazama mashine iliyopasuliwa, akatazama kile kiota cha rangi mezani, akamtazama mkewe. Mama Nyuzi alitamani amkaripie. Lakini mtu huyu hakuwa na cha kukaripia nacho.

"Baba, shikamoo," fundi alisema. "Namuuliza mama tuanze na nini."

Dalali akaweka kiti chini. Akaenda ukutani, akagonga kwa kijiko, taratibu, kioo cha picha ya mjukuu.

"Hadithi," alisema Mama Nyuzi. "Anasema hadithi za mtoto."

Kijiko: mara moja.

Zikaanza kutoka. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa kijani ulijaa polepole kama maji yanayojaza ndoo kutoka bomba bovu. Fundi aliigusa diski mara kwa mara kwa mgongo wa kidole. Hadithi zote zilipita. Kisha minada nayo ikafuata, mpaka ule wa kabati, ambapo fundi alisema, "Imeanza kupata moto," akachomoa waya. "Tungoje."

Kungoja kule ndiko kulikomtisha Mama Nyuzi kuliko yote. Feni ilipuliza. Nyuma yake Dalali alikuwa akihema. Alikuwa ametoka juani, na leso ilikuwa imelowa na kuling'ang'ania tundu. Kila pumzi iliingia kwa taabu ikitoa mlio mdogo mkavu. Alikohoa, akaisogeza leso kwa kidole, akairudisha. Mama Nyuzi alisikia sauti mbili katika chumba kile, ya feni na ya mumewe, na kwa muda hakujua ni ipi kati yao anayoiombea isikatike.

"Imebaki moja tu, fupi," fundi alisema akirudisha waya. "Hii sekunde tu."

Mstari wa kijani ukaanza, ukasimama.

Ko, ko, ko.

Fundi akachomoa waya. Wakangoja tena, muda mrefu zaidi. Akajaribu mara ya pili, akishika pumzi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ko, ko. Kisha hata mlio ukaisha, na diski ikalala juu ya vibanio kama kipande chochote cha chuma.

"Mama," alisema fundi. "Nisamehe."

Mama Nyuzi hakulia. Aliukodolea macho mstari wa kijani ulioishia njiani, na hofu aliyokuwa nayo tangu mchana ikatua mahali pake na kukaa. Hataitwa tena. Ndivyo ilivyo. Hakuna mtu duniani atakayesimama mlangoni tena na...

Nyuma yake kijiko kiligonga meza, mfululizo.

"Abee!" aliitika.

Lilimtoka kabla hajajua, kwa nguvu, kama alivyoiitikia mashine kila alasiri. Kijiko kikasimama hewani. Alipogeuka, Dalali alikuwa amemkazia macho, midomo imeachana kidogo. Tangu hospitali, kijiko kile kilikuwa kimejibiwa "nini tena?" na "nakuja" na mara nyingi kwa miguu tu. Akagonga tena, taratibu, kama mtu anayepima iwapo tawi litambeba.

"Abee," alisema mkewe, safari hii kwa sauti ya chini.

Fundi alijishughulisha sana na kukunja waya.

Kabla ya kuondoka aliweka diski mpya, akapiga feni brashi hadi ikazunguka kwa kidole. Nakala akaiweka kwenye flashi, nyingine akamtumia binti. Kompyuta ikahamia upande wa pili wa sebule, mbali na friji, mgongo wake ukiachana na ukuta. "Isivae kitu," alisema mlangoni. "Ipanguswe kila baada ya muda, humu ndani namo ifunguliwe isafishwe. Na wewe, mama, ukafumie nje na baba."

Kesho yake Mama Nyuzi alibeba kochi dogo hadi nje, akakifumua kile kitambaa kizito. Uzi bado ulikuwa na harufu ya kuungua. Akafuma upya, kwa uzi mmoja, kitu chembamba cha ukubwa wa kiganja, chenye kamba mbili na matundu mengi kiasi kwamba aliponyanyua mkono aliona barabara kupitia humo.

Kilibaki kupimwa shingoni. Alilijua hilo tangu mshono wa kwanza, na ndiyo maana alikuwa amefuma polepole.

"Inua kidevu," alimwambia mumewe.

Dalali alimtazama. Kijiko kiligonga mkono wa kiti: mara mbili.

"Inua. Leso imelowa, unakohoa usiku kucha, unadhani sisikii? Inua, mwanamume wewe, au nimwite yule fundi na bisibisi yake."

Mabega ya Dalali yakatikisika. Ndivyo alivyokuwa akicheka sasa. Akainua kidevu. Mama Nyuzi akashika pembe ya leso. Akaitoa leso, na hakutazama nguo kwenye kamba.

Hewa ikatoka pale, ya uvuguvugu, ikagusa mgongo wa mkono wake.